Kabla ya Kuweka Jiwe la Kwanza

Wazazi wapendwa, na ninyi vijana mnaosoma katika shule zetu, leo tunataka kuongea nanyi juu ya jambo linaloshangaza jamaa nyingi.

Mtoto amemaliza shule ya sekondari, ameingia chuo kikuu kusoma usanifu, yaani elimu ya kufikiri na kuchora majumba kabla hayajajengwa. Amelipiwa karo miaka mingi. Baba ameuza mahindi, mama ameuza samaki na mkaa sokoni. Sasa mwaka wa mwisho umefika, na ukoo mzima unangoja diploma. Lakini kijana haonekani kukaa mezani na vitabu vyake. Asubuhi anatoka na utepe wa kupimia. Anaingia katika darasa la shule ya parokia, anapima ukuta, anapima dirisha, anatundika kipimajoto. Mchana anarudi kutazama tena. Jioni anakaa chini ya mwembe pamoja na wazee, anawauliza habari za nyumba zao za zamani. Hata mama yake anamwita kando:

"Mwanangu, tulikutuma kusoma, si kuhesabu matofali ya watu. Kitabu chako kitakwisha lini?"

"Mama," anajibu kijana, "matofali hayo ndiyo kitabu chenyewe."

Kijana huyo amejibu vema. Maana kazi ya kumaliza masomo, ile ambayo wanafunzi wetu wa Kongo huiita memwari, si karatasi tu za kufungwa pamoja na kupelekwa kwa waalimu. Kwa mwanafunzi wa usanifu ni kazi ya mikono, ya miguu, ya masikio na ya akili, na mwisho wake ni nyumba ambamo watu watakaa. Akikosea mwandishi wa hadithi, msomaji hufunga kitabu. Akikosea msanifu wa majumba, watoto mia hukaa katika joto miaka thelathini, au paa huwaangukia.

Kazi hiyo ni nini?

Memwari ya usanifu ina sehemu mbili zinazofuatana kama mguu wa kushoto na wa kuume. Sehemu ya kwanza ni uchunguzi: mwanafunzi anachagua swali moja, anasoma yale waliyoandika wengine, anakwenda kutazama mahali penyewe, anapima, anauliza, anaandika. Sehemu ya pili ni mpango wa jengo: kwa nguvu ya yale aliyoyaona anachora nyumba, na pengine anatengeneza mfano wake mdogo kwa mbao au karatasi nzito. Halafu anasimama mbele ya baraza la waalimu kuitetea kazi yake. Nao humwuliza: "Kwa nini dirisha liko hapa? Kwa nini ukuta huu ni mnene? Umejuaje kwamba maji ya mvua hayataingia?" Asiye na uchunguzi hana jibu, hata kama michoro yake inapendeza macho.

Basi michoro ni tunda, na swali ni mzizi. Wanafunzi wengi hutaka tunda kabla ya mzizi. Siku ya kwanza wanachora mnara mkubwa wa vioo waliouona katika picha za miji ya ng'ambo, kisha wanatafuta maneno ya kuutetea. Afadhali tutazame mfano wa kijana mmoja wa Afrika aliyeanza kwa mzizi.

Mtoto wa chifu wa Gando

Katika nchi ya Burkina Faso kuna kijiji kiitwacho Gando. Huko alizaliwa mwaka 1965 Diébédo Francis Kéré, mwana wa kwanza wa chifu wa kijiji. Wakati ule hapakuwa na shule Gando. Alipokuwa na miaka saba baba yake alimpeleka mji wa Tenkodogo ili ajifunze kusoma, naye akawa mtoto wa kwanza wa kijiji chake kuingia shuleni. Darasa lake lilikuwa la matofali ya simenti na paa la mabati. Watoto walikuwa zaidi ya mia moja, hewa haikupita, na mwanga ulikuwa haba. Alikaa humo saa nyingi katika joto kali, na joto hilo hakulisahau.

Alijifunza useremala. Mwaka 1985 alipewa msaada wa kwenda Ujerumani, katika mji wa Berlin, ili azidi katika kazi hiyo. Mchana alitengeneza mapaa na vyombo vya nyumbani. Usiku aliketi tena darasani kama mtoto, akamaliza masomo ya sekondari. Mwaka 1995 aliingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusoma usanifu. Alikuwa na miaka thelathini, umri ambao wengine hudhani elimu imekwisha kuwapita.

Yeye mwenyewe ameeleza kwamba kila alipokuwa akiondoka kijijini baada ya likizo, akina mama walikuja kumwaga, na kila mmoja alimtia mkononi sarafu ndogo aliyokuwa nayo. Alipomwuliza mama yake sababu, aliambiwa kwamba wanawake wale walitoa sehemu yao kwa ajili ya masomo yake, wakitumaini kwamba siku moja atarudi na kuyafanya maisha ya kijiji kuwa mema zaidi.

Basi kijana yule alipoanza kufikiri atajenga nini, hakuhitaji kutafuta swali mbali. Swali lilikuwa limekaa naye tangu utoto: Jinsi gani kujenga darasa lisilochoma watoto, kwa udongo uliopo, kwa fedha kidogo, na kwa mikono ya watu wa kijiji? Tazameni uzuri wa swali hilo. Lina mahali, lina watu, lina mipaka. Hakusema, "Nitachunguza usanifu wa Afrika." Swali la namna hiyo ni kama kutaka kuchota ziwa zima kwa kikombe.

Kukusanya, kujaribu, kushawishi

Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha pamoja na rafiki zake chama cha kukusanya fedha kwa ajili ya shule ya Gando. Wakati huohuo aliufanya uchunguzi wake. Aliangalia jua linapopita, upepo unapotoka, mvua inavyopiga kuta. Alijua kwamba udongo una sifa moja kubwa: ukuta mnene wa udongo huchelewa kupata moto mchana. Alijua pia adui wake, nayo ni maji. Ukuta wa udongo usiokingwa huliwa na mvua mwaka kwa mwaka.

Majibu yake yalitoka katika mambo hayo mawili. Alichanganya udongo na simenti kidogo, akaushindilia katika kalibu, hata akapata matofali yenye nguvu kuliko yale ya zamani. Juu ya kuta hakuweka mabati moja kwa moja, kama tunavyofanya sisi mahali pengi. Mabati yakipigwa na jua huwa kama kikaango, nayo hutupa moto wake juu ya vichwa vya watoto. Yeye aliweka kwanza dari ya matofali yenye nafasi katikati. Kisha, juu zaidi, akaliinua paa la mabati lisimame peke yake, likitokeza nje sana ili kuzikinga kuta na mvua na jua. Hewa ya moto ndani ya darasa hupanda, hutoka katika nafasi za dari, na upepo unaopita chini ya mabati huichukua. Hewa nyingine huingia madirishani. Hivyo nyumba yenyewe inapumua, bila mashine na bila umeme.

Kulikuwa na shida nyingine. Mihimili mikubwa ya chuma haipatikani kijijini wala haichukuliki kwa urahisi katika njia mbovu. Kwa hiyo paa lilishikwa na vyuma vyembamba, vilevile vinavyotiwa ndani ya simenti, vilivyokatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa palepale kwa mashine ndogo. Hapa mwaonekana useremala wake wa zamani: aliyetengeneza mapaa kwa mikono alijua ni kazi gani watu wanaweza kufundishwa kwa muda mfupi.

Lakini tusidhani kwamba watu wa Gando walikubali mara moja. Waliona udongo ni kitu cha maskini. Walikuwa wakiona nyumba za udongo zikianguka kila masika, wakauliza: "Mtu amesoma Ulaya miaka mingi, na sasa anataka kutujengea kwa matope?" Hakuwashinda kwa maneno. Walijenga tao dogo la udongo, kisha watu wakapanda juu yake na kuruka-ruka, nalo halikuanguka. Waliokuwa na mashaka waliona kwa macho yao.

Ndipo kijiji kizima kilipoingia kazini. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake walileta maji na kupigapiga sakafu mpaka ikawa ngumu na laini, wanaume walifyatua matofali. Shule ilikwisha mwaka 2001: madarasa matatu, na kati yao nafasi zenye kivuli. Mjenzi alikuwa bado hajapewa diploma yake! Aliipata mwaka 2004, na mwaka huohuo shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Walianza na wanafunzi 120. Baadaye wakafika 700, na ilibidi kujenga madarasa mengine. Mwaka 2022 Francis Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo heshima kubwa kuliko zote katika kazi ya usanifu, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipokea.

Kijiji kilichokataliwa

Sasa tupeleke macho yetu Misri, tukajifunze kwa mfano ambao haukufanikiwa hivyo. Huko aliishi msanifu Hassan Fathy, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Alikuwa fundi wa ajabu, mwenye kuwapenda maskini kwa kweli. Alitafuta waashi wa Nubia ambao bado walijua kujenga mapaa ya mviringo kwa matofali mabichi, bila kutumia mti hata mmoja. Mwaka 1946 alianza kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa ajili ya watu waliokaa juu ya makaburi ya wakubwa wa kale.

Majumba yake yalikuwa mazuri, yenye baridi nzuri wakati wa joto, na gharama yake ilikuwa ndogo. Lakini wenyeji wengi walikataa kuhamia. Kwa nini? Kwa sababu amri ya kuhama ilitoka serikalini, haikutoka kwao. Makaburi yale ya kale na vitu vilivyokuwamo vilikuwa pato lao, na pale palikuwa kwao. Kijiji hakikumalizika kamwe. Fathy mwenyewe alitamani kuongea na kila jamaa juu ya nyumba yake, na baadaye aliandika kitabu, akaeleza bila kuficha jinsi kazi ilivyomshinda.

Wanafunzi wapendwa, tazameni Gando na Gourna. Katika mahali pote pawili udongo ulitumiwa kwa akili, na wasanifu wote wawili waliheshimu ufundi wa mababu. Tofauti haikuwa katika tofali. Gando swali lilitoka kwa watu wenyewe. Gourna swali lilitoka kwa wakubwa, na watu waliletewa jibu la swali ambalo hawakuliuliza. Ndiyo maana twasema: nusu ya kazi ya memwari ni kusikiliza.

Je, tuige paa la Gando?

Pengine mwanafunzi wa Lubumbashi atasema: "Nimeelewa. Nitachora shule kama ile ya Gando, nami nitapata alama nyingi." La, ndugu, hujaelewa bado.

Fungua ramani. Gando iko kaskazini ya ikweta, Lubumbashi iko kusini, na zote mbili ziko karibu sawa kwa umbali, si mbali na nyuzi 12. Ukitazama ramani tu utasema nchi hizo ni mapacha. Lakini Gando iko katika nchi ya chini, isiyofikia mita 400 juu ya bahari, na joto lake ni kali sana. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, darasa letu la mabati linachoma kweli. Lakini mwezi wa Juni na wa Julai watoto wanafika asubuhi wakitetemeka, na mikono inashindwa kushika kalamu. Dari yenye nafasi wazi, iliyo baraka kule Gando, ingewaletea watoto wetu vikohozi.

Basi hapo swali jipya limezaliwa: Jinsi gani darasa moja litoe joto mchana wa Oktoba, na kulitunza asubuhi ya Juni? Je, nafasi za dari ziweze kufungwa kwa vibao? Ukuta uwe mnene kiasi gani? Madirisha yatazame wapi? Tunajua kwamba katika nchi zetu kuta ndefu zinafaa kutazama kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani sana. Lakini ni shule ngapi zetu zimejengwa kwa kufuata barabara tu, bila kuliuliza jua? Mwanafunzi akipima madarasa mawili, moja linalotazama vizuri na jingine vibaya, atakuwa ameleta jambo la kweli.

Au achukue swali la tofali. Katika Katanga kila mtu anajua vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo vingine ni virefu kama nyumba. Mchwa hupandisha juu udongo laini wenye kushikamana, na waashi wetu hupenda kufyatua matofali kwa udongo huo. Nyumba nyingi sana za Lubumbashi zimetoka katika vichuguu. Lakini matofali hayo huchomwa katika tanuru, na tanuru hula kuni nyingi. Miti ya pori letu imekatwa kwa ajili ya matofali na mkaa, hata pori limeusogelea upeo wa macho na kuuacha mji. Je, tofali la kichuguu, likishindiliwa vizuri na kutiwa simenti kidogo, laweza kusimama bila kuchomwa? Swali hili linamhusu kila mzazi anayenunua mkaa.

Tena kichuguu chenyewe ni mwalimu. Kéré huyohuyo, alipojenga chuo cha vijana wanaojifunza kazi za kompyuta karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, kilichomalizika mwaka 2021, alivitazama vichuguu vya huko, akasimamisha minara inayotoa hewa ya moto juu na kuacha hewa ya baridi iingie chini. Wadudu wadogo walimfundisha mtu mwenye diploma. Nasi tunavyo vichuguu nyuma ya nyumba zetu!

Hatua kwa hatua

Mwenye kuianza kazi hii ashike utaratibu, asije akapotea njiani.

Kwanza, achague swali dogo, aliandike kwa sentensi moja ambayo hata nyanya yake asiyesoma ataielewa. Asipoweza, swali bado halijaiva.

Pili, asome. Wengine walimtangulia, nao wameandika mafanikio na makosa yao. Anayetumia maneno au mchoro wa mwingine aseme wazi jina la mwenyewe.

Tatu, apange miezi yake kwa kufuata majira. Mvua ya Katanga huanza yapata Novemba na kwisha yapata Aprili. Anayetaka kujua paa linavuja wapi lazima awe tayari kabla ya Novemba; akichelewa, atangoja mwaka mwingine, na jamaa italipa tena. Vilevile anayetaka kufyatua matofali ya kujaribu ayakaushe kivulini wakati wa kiangazi.

Nne, aende mahali penyewe na kupima. Kipimajoto kisomwe asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku nyingi, saa zilezile, na kiwe mbali na jua. Udongo nao upimwe. Kuna njia nyepesi ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifanya: tia udongo katika chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga utaanguka kwanza, halafu vumbi laini, na udongo mfinyanzi utatua mwisho, baada ya saa nyingi. Kwa kutazama matabaka hayo utajua kama tofali lako litavunjika kwa kukosa kushikamana, au litapasuka kwa kuwa na ufinyanzi kupita kiasi.

Tano, awaulize watu, na awaulize wote. Mwalimu atakuambia habari za ubao na mwanga. Mama mwenye kufagia atakuambia maji yanapoingilia. Watoto watakuambia ni benchi gani hakuna anayetaka kukaa, na kwa sababu gani. Mwashi mzee atakuambia makosa ambayo hayamo katika kitabu chochote. Omba ruhusa kabla ya kuingia katika nyumba ya mtu, na usiandike siri za jamaa.

Sita, ndipo achore. Kila mstari uwe na sababu yake katika yale aliyoyapima na kuyasikia. Kisha arudi kwa watu walewale, awaonyeshe mchoro, na awe tayari kuufuta.

Dhambi ya karatasi

Hapa lazima tuseme jambo zito. Wako vijana ambao, mwaka wa mwisho ukifika, hukimbia kazi hii. Wanatafuta memwari ya zamani, wanabadilisha jina la mji na jina la mwandishi, wanaipeleka kwa waalimu. Wengine humlipa mtu awaandikie. Wengine hukaa nyumbani na kubuni hesabu za joto ambazo hakuna kipimajoto kilichozisema. Husema: "Ni karatasi tu. Nani atajua?"

Wazazi, huo ni wizi na uongo pamoja. Ni kumwibia mwenye kazi yake, na ni kuwadanganya waalimu. Ubaya wake haukomi hapo. Kijana huyo atapewa diploma, atapewa kazi, na siku moja parokia itamwomba achore shule. Atakuwa hajawahi kupima ukuta hata mmoja. Nyumba haijui kusoma diploma. Inajua uzito tu, na maji, na upepo. Mwongo aweza kulishinda baraza la waalimu, lakini hawezi kuishinda mvua ya Januari.

Na tena, asiogope yule ambaye majaribio yake yamemshinda. Kama tofali lako limeyeyuka katika maji, andika kwamba limeyeyuka, na eleza ulivyolitengeneza. Mwingine atakayekuja nyuma yako hatapoteza mwaka kwa kosa lilelile. Mwanafunzi anayesema kweli kwamba wazo lake lilikuwa na kasoro amefanya kazi ya elimu. Hassan Fathy aliyaandika masikitiko yake, na hata leo wasanifu wanajifunza kwayo.

Ninyi wazazi, na ninyi wadogo

Wazazi mtauliza: "Sisi tusiosoma usanifu tutasaidiaje?" Mnaweza sana. Msimharakishe mtoto kwa ajili ya majirani waliokwisha kumwona wa kwao na diploma. Ulizeni: "Swali lako ni lipi?" na msikilize jibu. Mwelezeni jinsi babu alivyojenga, miti gani ilidumu, nyasi gani hazikuvuja, kwa nini mlango ulitazama upande fulani. Mambo hayo yakifa pamoja na wazee, hakuna maktaba itakayoyarudisha. Na fedha ya safari na ya kupiga chapa kitabu ihesabiwe mapema, mwanzo wa mwaka, isije ikatafutwa kwa deni siku za mwisho.

Nanyi wanafunzi wa shule za msingi na za sekondari, msingoje chuo kikuu. Kesho lipimeni darasa lenu kwa hatua. Tazameni jua linaingia dirisha gani asubuhi na dirisha gani jioni. Jaribuni udongo wa uwanjani katika chupa. Andikeni katika daftari. Pengine mwalimu atashangaa, pengine padri paroko ataomba kuiona daftari hiyo kabla ya kujenga darasa jipya.

Bwana wetu Yesu Kristu, aliyelelewa katika nyumba ya fundi seremala, alitupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo, alisema, hukaa kwanza na kuhesabu gharama, ili asije akaweka msingi tu na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Alikuwa akisema juu ya kumfuata yeye. Lakini kila fundi aliyesikia alitikisa kichwa kwa kukubali, maana alijua ni kweli hata katika matofali: kazi ya kukaa na kufikiri huja kabla ya jiwe la kwanza.

Na tukumbuke wale akina mama wa Gando na sarafu zao. Hakuna mtoto wetu anayesoma kwa fedha ya baba yake peke yake. Shangazi alitoa kitu, jirani alitoa kitu, parokia ilitoa kitu. Siku mwanao atakaposimama mbele ya waalimu kuitetea memwari yake, sarafu hizo zote zitakuwa zimesimama pamoja naye. Anajua deni lake yule anayerudi na swali lililojibiwa kwa kweli, na mchoro wa nyumba ambamo watoto wa waliomchangia wataweza kukaa, kupumua na kujifunza.